Cherehani ya Mama Pacha

Weee, sikia.

Asubuhi kaingia karakanani mwanamke nisiyemjua, mkasi wake mkononi. Anatoka mji wa ng'ambo ya daraja. Unakumbuka walipopandisha kima cha chini cha mshahara kule, nikakupigia simu nashangilia? Basi kwa ajili hiyo kiwanda chao kimepunguza mafundi, naye ni mmoja wa walioachishwa.

"Nilipeni chochote," anasema. Chochote! Bosi akatabasamu.

Akanivuta pembeni. "Jumatatu huyu anakalia cherehani ya Mama Pacha. Wewe ni msimamizi, funga mdomo mpaka Mama Pacha amalize oda ya sare."

Nifunge mdomo! Mimi niliyemwahidi Mama Pacha, fundi wetu wa miaka mingi, kwamba nikisikia lolote kuhusu nafasi yake, atajua siku hiyo hiyo!

Na yule mgeni nilishindwa kumchukia. Aliitazama ile cherehani kama mtu mwenye kiu.

Nikaenda, nikamwambia Mama Pacha, wote wanasikia. Akasimamisha mashine. "Na wewe je, mwanangu?"

Bosi alikuwa nyuma yangu. Akajibu yeye: "Naye achukue mkoba wake."

Nimeuchukua. Tuko getini, mimi na Mama Pacha, kanishika mkono. Huko ndani tunaisikia cherehani yake, imeshaanza kushona.