Ukungu wa Upande wa Kulia

Chumbageni, Tanga
Jumapili, 29 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Bryson,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kazi za mpakani hazikuchoshi sana, na kile kikohozi ulichokipata kwa vumbi la malori kimekwisha. Wifi Queen naye hajambo? Sisi huku tunaendelea vizuri kiafya. Shangazi Ruthi anakusalimu, na anasema lile shati ulilolisahau amelifua na kulipiga pasi, ila hatalituma kwa mtu, ulifuate mwenyewe. Mama yuko Muheza na machungwa yake. Mimi shuleni sijambo. Katika mtihani wa fizikia nimekuwa wa tatu darasani, na swali lililoniangusha lilikuwa la lenzi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Baba yuko hapa kwa shangazi tangu Jumatano, na unazijua kuta za nyumba hii, hazifiki juu. Ukinong'ona chumbani, aliyeko sebuleni anaitikia. Kwa hiyo nimeandika, na Sadalla anayepeleka machungwa Kenya ameniahidi kukukabidhi usiku huu huu akifika Horohoro. Naomba uisome yote kabla hujalala, kwa sababu kesho alfajiri Baba anaondoka kwenda porini, na hapaswi kwenda.

Nianze na darubini, maana ndiko mambo yalikoanzia. Uliniambia Baba amelalamika msimu mzima kwamba darubini yake ya zamani imeingia ukungu, basi nimchagulie nyingine ya bei ya kati, nzuri kweli, itakayomfaa pote pawili: miezi ya uwindaji kule Handeni anapowafuatia wageni nyayo za wanyama, na miezi mingine anapowatembeza watazama ndege kwenye msitu wa Amani. Ulisema umeniachia mimi kwa sababu sina haraka dukani. Nilijivuna kwa neno hilo, kaka, na nikaisoma habari ya darubini kama ninavyosoma masomo.

Nilikwenda kwa Masoud, yule wa karibu na soko anayeuza saa na dira. Kwanza alinitolea moja yenye vioo vyekundu, imeandikwa inavuta mara hamsini. Akaniambia kwa hii, binti, utahesabu sharubu za panya aliyeko Pemba. Nikamjibu kwamba Baba hawindi panya. Akacheka, akaniuliza ni mwalimu gani aliyenifundisha ubishi. Nikamweleza kuwa darubini inayovuta kupita kiasi hutetemeka mkononi na hupunguza mwanga, na Baba hufanya kazi alfajiri na magharibi, saa ambazo wanyama hutoka. Nikaomba ya kuvuta mara nane, yenye vioo vya mbele vya milimita arobaini na mbili. Masoud akasema basi leo amepata mteja, akatandika kitambaa juu ya meza na kuniwekea tatu.

Niliziinua moja moja mbali na uso wangu kuelekea mwangani, nikaangalia kama viduara vya mwanga kwenye vioo vya nyuma ni vya mviringo au vimekatwa pembeni. Nikasoma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, hasa herufi za mwishoni, kwa sababu kioo hafifu huficha ubovu wake pembeni. Ile ya bei ya chini ilinionyesha nguzo mbili za umeme mahali palipokuwa na moja, yaani mabomba yake hayatazami pamoja. Ya bei ya juu ilikuwa safi lakini nzito, na nilipoilinganisha na ya kati sikuona tofauti. Nikachukua ya kati. Imezibwa vizuri, haipitishi maji, na ndani imejazwa gesi kavu ili isiingie ukungu. Masoud akanionyesha pia namna ya kuipanga: jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati, na la kulia kwa pete ndogo iliyo kwenye kioo chake, maana macho ya mtu hayalingani.

Baba alipoipokea aliivaa shingoni hata wakati wa kula, mpaka shangazi akamwuliza kama anatafuta nyama kwenye mchuzi. Baada ya chakula alitoka barazani, akawatazama kunguru juu ya paa la jirani, akaizungusha ile pete ya kulia mpaka ikagota. Akasema kwa upole kwamba darubini ni nzuri, ila nayo ina ukungu upande wa kulia.

Siku ya pili niliirudisha dukani nikiwa na hasira. Masoud aliifuta, akatazama, akanipa nitazame na mimi. Ilikuwa safi. Akasema kwa heshima ya mzee atanibadilishia, lakini chombo hiki hakijaona hata umande, na gesi iliyomo haijui ukungu ni kitu gani. Nimwambie babangu afute jicho lake. Aliyasema kwa utani, nami nikacheka, lakini kicheko kilinikatikia mlangoni. Nyumbani nilimsimulia Baba utani ule kama ulivyo. Hakucheka. Akaichukua ile ya pili, akazungusha pete mpaka ikagota tena, akasema wamempa ileile.

Ijumaa jioni nilimwomba tutembee mpaka bustani inayotazama bandari. Nilimwambia nataka anifundishe kutafuta ndege kwa darubini, na ni kweli nilitaka, ila sikutaka hilo peke yake. Alielekeza kwenye kisiwa cha Toten akaanza kunitajia: mikoko, mtu mmoja ndani ya mtumbwi, yangeyange wawili weupe juu ya tawi. Nikapeleka kiganja changu taratibu mbele ya kioo cha kulia, nikakiziba. Baba aliendelea kuzungumza bila kusita hata kidogo. Nikaondoa kiganja, nikakiziba kioo cha kushoto. Alinyamaza. Kisha akasema wale yangeyange wameruka wamekwenda zao.

Hawakuruka, kaka. Nilikuwa nawaona kwa macho yangu matupu.

Aliposhusha darubini alikiona kiganja changu, kwa sababu sikuwahi kukiondoa. Nikamtazama usoni jua likiwa linampiga, na kwenye mboni ya jicho la kulia kulikuwa na weupe kama tui. Tulikaa kwenye ukuta wa bustani. Akasema jicho hilo limekwenda kidogo kidogo mwaka mzima, na la kushoto nalo huchoka jua likizama. Hakutaka tujue kabla sijamaliza shule. Mimi nilimwambia kuwa kama ni mtoto wa jicho, watu wanapasuliwa na wanaona. Akasema baada ya msimu.

Ndipo nikamwuliza kama kuna lolote lililotokea msimu uliopita. Akaniambia ilikuwa magharibi, kwenye bonde lenye minyaa na ukindu. Aliona pembe ndefu zikipita juu ya majani, akamwambia mgeni kuwa ni dume la kuro. Unajua kambini neno la Baba halirudiwi. Akisema dume, wanajua ni dume. Mgeni akaiegemeza bunduki kwenye fimbo zake za kulengea shabaha. Kumbe ni mama mmoja aliyekwenda kukata ukindu wa kusukia mikeka, amejitwika mzigo, na yale majani marefu yamesimama juu ya kichwa chake. Baba akasema yule mama alikohoa, mgeni akashusha bunduki, mambo yakaisha. Akanikataza nisimwambie mtu, na wewe hasa.

Usiku ule nilijiuliza, kaka, ingekuwaje kama nisingechagua vizuri. Kama ningenunua ile ya nguzo mbili, tungeilaumu darubini, na Baba angekwenda nayo Handeni, na sote tungemwombea msimu mwema.

Sasa nikuambie nililolifanya. Jana asubuhi, badala ya kwenda kwenye masomo ya ziada, nilikwenda Usagara kwa mzee Uweso, mkuu wa kambi anayofanyia kazi Baba. Nilimweleza habari ya jicho. Ile ya yule mama sikumweleza, nilishindwa. Mzee Uweso alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimefanya kazi ngumu na kwamba jina langu hatalitaja. Mchana akampigia Baba, akamwambia amesikia mtaani kuwa macho yake si mazima, basi apumzike kwanza mpaka daktari amwone.

Baba aliamini ni Masoud. Nilikuwa naye aliponyanyuka kwenda dukani, sikuweza kumzuia, tukaenda wote. Mbele ya wateja alimwita Masoud mmbeya, akamwambia anauza ukungu na kuwavunjia watu riziki. Masoud alinitazama, nikainamisha kichwa, na nadhani alielewa. Alisema tu kwamba mzee wangu, kama nimekukosea uniwie radhi. Nami nikatoka nikimfuata Baba.

Na jambo lenyewe halikuisha hapo. Jana usiku wakati wa chakula Baba alisema watu wa kampuni nyingine, wa kule Kilindi, hawana mfuatiliaji na wamefurahi kumpata. Gari lao litamchukua kesho alfajiri. Shangazi akampongeza, kwa kuwa hajui lolote. Kilindi hakuna Uweso. Atakuwa yeye, mgeni mwenye bunduki, na jua linazama. Nakuomba umpigie simu usiku huu, kaka. Wewe ni mkubwa wetu, atakusikia. Mwambie

Nilikuwa nimefika hapo nikasimama. Niliona kwamba nakutuma wewe ukaseme neno ambalo ni langu, kama nilivyomwacha Masoud abebe lawama yangu. Nilikwenda sebuleni. Baba alikuwa anafunga mkoba wake wa safari. Nilimwambia kuwa siyo Masoud, ni mimi niliyekwenda Usagara, na kwamba nakuandikia barua.

Sikuwahi kuogopa vile maishani mwangu. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti, akasema nimsomee hiyo barua, maana yeye maandishi madogo hayaoni tena. Nikaisoma yote tangu salamu. Ya panya wa Pemba alitabasamu. Ya kiganja changu alifumba macho. Nilipofika kwenye habari ya yule mama wa ukindu alinyoosha mkono kunisimamisha, akasema hapo pana uongo, na si wako, ni wangu.

Yule mama hakukohoa. Baba alisema piga, na mgeni akapiga. Risasi ilipita kwenye mzigo wa ukindu na kuupasua, majani yakatawanyika, na yule mama akaanguka kwa mshtuko akilia jina la Mungu. Hakuguswa hata ngozi. Lakini kambini walimlaumu mgeni kwamba ameharakisha, wakamnyang'anya kibali cha siku zilizobaki, na Baba akawaacha wamlaumu. Aliniambia tangu siku ile kila akifumba jicho la kushoto anabaki gizani na ile sauti. Alikuwa akiniambia huku anashikilia ukingo wa meza. Kisha akasema niandike hivyo hivyo: kwamba bunduki ililia, na aliyeiamuru ni yeye.

Nimeandika.

Baada ya hapo aliomba simu, akawapigia wale watu wa Kilindi, akawaambia wasije. Walimuuliza sababu, naye akawatajia sababu yenyewe, kwa sauti, shangazi akiwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Kesho, badala ya Kilindi, atakwenda Usagara kumweleza mzee Uweso lile nililoshindwa mimi, ili yule mgeni aandikiwe ukweli. Tukitoka huko tutapita kwa Masoud, na huko mimi ndiye nitakayetangulia kusema. Jumatano ndiyo siku ya kliniki ya macho. Baba ameniambia nikuandikie kwamba anaogopa kisu, na kwamba usije na maneno ya kumpa pole, uje ukae naye kwenye benchi mpaka waite jina lake.

Sadalla ameshapiga honi mara mbili huko nje. Darubini ipo mezani, tumeifunika vioo vyake, na hatutairudisha. Nisalimie wifi Queen na wote mnaokaa nao hapo nyumbani. Shangazi anasema shati linakungoja, na safari hii amelia kidogo alipolitaja. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Leticia Eliudi