Dakika Kumi Zinatosha

4 Februari

Mwanangu Nukta,

U hali gani huko uliko? Mimi sijambo. Goti ndilo linalolalamika nikipanda ngazi za mahakama, lakini nikifika juu linanyamaza, maana linajua hakuna wa kulisikiliza. Baba yako anakusalimu. Bado anatafuta miwani nyumba nzima huku ameivaa kichwani.

Sikuandikii kulia shida. Nakuandikia kukuuliza kitu, wewe fundi wa kompyuta. Tangu mwaka jana mahakama yetu imeacha karatasi. Maneno ya shahidi sasa nayaandika ndani ya ukurasa mmoja kwenye skrini, na chini yake kuna kitufe cha kijani cha Hifadhi. Mashine yenyewe siiogopi. Baada ya miaka thelathini na moja ya kupiga chapa, vidole vyangu havijali vimekalia nini. Lakini ukurasa huu unanifukuza. Shahidi anasema, mimi naandika bila kuinua kichwa, mara skrini inageuka nyeupe na kuniambia muda wangu umekwisha, niingie upya. Nikiingia nakuta patupu.

Wenzangu hali hii haiwapati sana. Wao huandika kidogo, wakasimama, wakabonyeza hapa na pale. Mimi sijui kusimama katikati ya maneno ya mtu.

Jumanne iliyopita kulikuwa na mama mmoja akieleza jinsi ukuta wa jengo ulivyomwangukia mumewe. Alisema kwa taabu, kila neno analitafuta. Yakapotea yote. Hakimu akamwomba aseme tena, na yale ya pili nayo yakapotea. Yule mama akanigeukia, wala hakuwa na hasira, akaniuliza: “Mwenzangu, maneno yangu unayapeleka wapi?” Nukta, sijawahi kupoteza neno la mtu tangu nianze kazi hii. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kesi imeahirishwa.

Sasa karani mkuu ametoa orodha ya kumbukumbu zilizopotea, na mimi ndiye wa kwanza. Amesema hali ikiendelea hivi, Mei mosi ananihamishia stoo ya majalada, nikapange mafaili mpaka nistaafu. Niambie, nakosea wapi?

Jibu lako liwe la karatasi. Barua za kompyuta hazikai kwenye faili.

Shangazi yako


19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzima, ila mgongo tu unauma kwa sababu ya kukaa. Mwambie Baba aguse kichwa.

Hukosei popote. Anayekosea ni huyo aliyeutengeneza ukurasa, na ningempata ningemkalisha kwenye kiti chako wiki nzima, shahidi mmoja baada ya mwingine, mpaka aombe radhi kwa maandishi. Sina subira na watu wa aina hii. Napambana nao kutwa. Kuna fomu ukikosea tarakimu moja inafuta zote, hata zile ulizopatia. Kuna ukurasa wa habari unaoniuliza kama nataka arifa zake kabla sijasoma hata kichwa cha habari. Kompyuta yenyewe hujisasisha asubuhi ile ile nina haraka, na ikimaliza nakuta vitufe vimehama bila kuaga.

Ndiyo maana kivinjari changu, ile programu ya kufungulia kurasa, nimekifumua na kukishona upya. Vitufe vya juu nimeviondoa vyote, umebaki mstari mmoja tu wa kuandikia. Kurasa nimezipa rangi ya karatasi kuukuu ili macho yapumzike. Vidirisha vya kuomba-omba nimevizika, na video inayojianzisha yenyewe inaanza ikiwa bubu. Mtu akikaa kwenye mashine yangu hajui aanzie wapi, nami nikiri tu, huwa najisikia. Kitu unachokitumia kila siku kinapaswa kukufuata wewe, si wewe kukifuata.

Basi tufanye hivi. Ukiwa kwenye huo ukurasa, shikilia kitufe cha Ctrl kisha bonyeza U. Utaona maandishi ya ndani, yale yanayouendesha. Yanatisha kwa sura tu. Tafuta mahali panapotaja dakika, uninakilie mistari michache. Nikishauona huo ujinga nitajua dawa yake.

Mwanao,
Nukta


10 Machi

Mwanangu Nukta,

Habari za mgongo? Simama kila saa, uzunguke meza. Huku tuko salama, na baba yako alikushukuru, miwani alikuwa nayo kweli.

Nilimwomba ruhusa karani mkuu, akasema maandishi ya mashine hayana siri ya mtu, nichukue. Wewe ulitaka mistari michache. Mimi sijui kunakili nusu ya kitu. Humu ndani kuna kurasa kumi na moja, nimezipiga kwa taipureta yangu ya nyumbani, jioni nne. Yale mabano yenye kiuno hayako kwenye taipureta, kwa hiyo nimeyachora kwa kalamu. Ni mia mbili na sita, nimeyahesabu mara mbili. Ukipata kosa hata moja nitakupikia siku saba mfululizo bila kukutuma dukani.

Umenichekesha na kivinjari chako, unavyokisifu utadhani ni wewe uliyeanza. Taipureta hii nilipokabidhiwa mahakamani, kabla hawajaniachia niende nayo nyumbani, ilipiga kelele mpaka hakimu akalalamika. Nikakata kandambili, nikaweka vipande chini ya miguu yake. Herufi ya A ilikuwa inakwama, nikaitengenezea kamba. Na kitufe cha nukta nilikipaka rangi nyekundu ya kucha, kwa sababu ya mtoto wa miaka sita aliyekuwa akitoka shule na kukaa chini ya meza yangu. Nikimaliza ukurasa namwita, anapanda magotini, anabonyeza nukta ya mwisho kwa kidole kimoja. Siku nzima kazi yake ni hiyo, na alijiona yeye ndiye mahakama. Jina likamganda. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa chukua ukurasa wa tisa, mstari wa katikati, uusome polepole. Mimi niliusoma mara tatu, kisha nikaenda kunywa maji.

Na huyo uliyetaka kumkalisha kwenye kiti changu, usimseme sana. Huenda ana watu wake wanaompenda.

Shangazi yako


2 Aprili

Nukta,

Hujambo? Nauliza kwa dhati, maana wiki ya tatu hii sijapata neno.

Sikufichi. Juzi yamepotea mengine, ya mzee wa mpaka wa shamba. Barua ya uhamisho imeshaandikwa, Mei mosi nashuka stoo. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikarudi mezani. Hawajaniona nikitetereka, na hawataniona.

Kimya chako nakifahamu. Ulipovunja kioo cha saa ya hakimu ulikaa chini ya meza mpaka ofisi ikafungwa. Nilikuacha kidogo, kisha nikakuita. Sasa nakuita.

Shangazi


11 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nimetoka chini ya meza.

Nimeusoma ukurasa wa tisa, mstari wa katikati. Umeunakili sawasawa: “Dakika kumi zinamtosha mtu yeyote. Nukta alipita hapa.” Mkuki kwa nguruwe ndivyo ulivyo mtamu. Huyo mjinga niliyekuwa namtafuta ni mimi.

Nilikuwa na miezi minne tu kazini, katika kampuni yangu ya kwanza. Tulitengeneza fomu moja, ikapelekwa ofisi nyingi, na kila ofisi ikaipaka rangi yake. Sikujua imefika wapi. Mimi nilipewa sehemu ya muda: mtu akiondoka na kuacha mashine wazi, ukurasa ujifunge. Nikaamua kwamba dalili ya kuwa mtu yupo ni kubonyeza kitufe cha kwenye skrini, kama kile cha Hifadhi. Kuandika sikukuhesabu. Niliona hakuna anayeweza kuandika dakika kumi bila kusimama. Mimi, Shangazi, niliyekaa miaka chini ya meza nikimsikiliza mtu anayeandika bila kusimama. Nikaweka jina langu la utani nikaenda kula, nimeridhika kabisa.

Ule mstari niliuonea aibu kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Namfikiria yule mama wa ukuta.

Humu kuna vitu viwili. Kwanza, barua ya kumpa karani mkuu, yenye sahihi yangu, inayosema kosa ni langu, na kwamba ukurasa unamfukuza hasa mtu anayefanya kazi kuliko wote. Pili, kikaratasi chenye mstari mmoja mrefu. Uhifadhi kwenye kivinjari chako kama alamisho, kama mtu anavyoweka alama kitabuni. Ukianza kazi bonyeza mara moja, nao utakuwa unahifadhi maneno yako kimyakimya kila dakika mbili. Hakuna anayehitaji kujua.

Jambo jingine. Kurasa zako kumi na moja niliziingiza kwenye mashine herufi kwa herufi. Zikafanya kazi mara ya kwanza. Hakuna kosa hata moja. Nimefanya kazi hii miaka minane na sijawahi kuandika ukurasa hata mmoja ukakubali mara ya kwanza. Niliwaonyesha wenzangu, wakaacha viti vyao wakaja kusimama mezani kwangu kuangalia yale mabano ya kalamu. Nikawaambia: ni shangazi yangu.

Mwanao,
Nukta


22 Aprili

Mwanangu,

Nimefurahi kuisikia sauti yako. Afya ni njema, na goti nalo limepata habari zako, limetulia.

Kufanya kosa si kosa. Na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa hiyo nusu ni yangu. Nilikufundisha kubonyeza nukta, sikukufundisha kusoma ukurasa kwanza.

Barua nilimpelekea karani mkuu mwenyewe. Aliisoma mara mbili. Akauliza, “Huyu ni mtoto wako?” Nikamjibu, “Ni wangu.” Sikusema zaidi, lakini nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Amesema uhamisho unabaki palepale mpaka auone ukurasa umebadilika kwa macho yake.

Alamisho lako nililijaribu saa ya chakula. Linafanya kazi vizuri sana. Kisha nikalifuta.

Usikasirike. Chumbani kwetu tuko wapiga chapa watano, na mahakama ziko ngapi? Wenzangu wamejifunza kuandika polepole ili ukurasa usiwafukuze. Wanamkatiza shahidi ili wabonyeze kitufe. Mimi nina mtoto anayejua kushona mashine. Wao wana nani? Kivinjari chako umekishona vizuri, lakini umekaa ndani ukafunga mlango.

Nenda kwa wale uliowaachia kosa, ulinyooshe palepale ulipolipinda. Stoo siiogopi. Nitaogopa nikibaki juu peke yangu kwa dawa ya kificho.

Shangazi yako


9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hujambo, hata kama sijui barua hii inakukuta chumba gani. Mei mosi imepita na roho inaniuma.

Nimekwenda. Mkuu wangu wa zamani akaniambia ukurasa ule una miaka minane na hajaja mtu kulalamika. Nikamwekea kurasa kumi na moja mezani. Akauliza nani amepiga hizi. Nikamweleza. Akaanza kupitisha kidole akitafuta kosa, akafika ukurasa wa nne, akaacha kutafuta. Akanipa kiti changu cha zamani kwa siku mbili.

Sasa kuandika kunahesabiwa. Anayeandika hafukuzwi kamwe, na maneno yanajihifadhi yenyewe kila nusu dakika. Itafika ofisi zote Jumatatu ya tarehe kumi na nane.

Maalamisho kama lile ningeandika hata mia moja, ningebaki mjinga yule yule. Ahsante kwa kulifuta.

Mwanao,
Nukta


30 Mei

Mwanangu Nukta,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima kama mimi nilivyo leo. Baba yako anakusalimu, amefungia miwani uzi. Na yeye ameshona cha kwake.

Barua yako ilinikuta stoo. Siku kumi na nane nilikuwa huko chini, na sitasema hazikuuma. Nilipanga mafaili kwa miaka, wakiyataka sasa watayapata. Tarehe kumi na tisa karani mkuu alishuka mwenyewe, akajifuta vumbi begani, akasema ukurasa umeacha kufukuza watu, wameujaribu kutwa nzima. Kisha akasema yule mama wa ukuta amekuja, na ameuliza yuko wapi yule mwandishi. Nikapanda ngazi. Goti halikusema kitu.

Alisema dakika arobaini na tano. Sikusimama hata mara moja. Hakuna aliyemkatiza, wala skrini haikugeuka. Alipomaliza nikamwomba hakimu ruhusa, nikaigeuza skrini ili asome. Alisoma yote, kidole kikiwa juu ya kioo, mstari kwa mstari. Akasema, “Yapo.” Nami nikashusha pumzi niliyoibana tangu Februari.

Watu walipotoka nilishikilia Ctrl nikabonyeza U. Siku hizi nafanya hivyo kila asubuhi, wenzangu wanasema nimekuwa mkaguzi. Mstari wako wa zamani haupo. Mahali pake pameandikwa: “Anayeandika asubiriwe. Nukta, mtoto wa mpiga chapa.” Nimewaita wote wanne wakausome. Karani mkuu naye alipita, nikamwita. Najivuna, Nukta, na sioni sababu ya kuficha.

Natarajia kustaafu Desemba. Taipureta nimeisafisha, na kile kitufe nimekipaka rangi nyekundu upya. Barua hii nimeipiga yote kwa mkono wangu, nimebakiza kitu kimoja tu. Ukija likizo uje nayo, tutairudisha kwenye mashine, nawe utanyoosha kidole kimoja kama zamani na kufanya kazi yako. Safari hii najua utausoma ukurasa kwanza, mwanangu, na mimi nimeishia hapa

Shangazi yako