Jina Nisilolitamka

Sylhet

Mwanangu Shafqat,

Mvua imeng'oa bati la jikoni, na mbuzi amezaa. Mimi sitaishi hadi Idi, kwa hiyo vumilia ukali wangu.

Eti ofisi ya viza imesema ndoa yenu ni ya uongo, na wewe huko Uingereza umeanza kumshuku mkeo Rehnuma? Huna haya! Afisa alimwuliza, "Mumeo anaitwa nani?" Akainamisha kichwa. "Ni mtoto wa Mama."

"Mama gani? Jina, bibi!"

Akalia. Afisa akacheka: "Hata jina lake hulijui!"

Tangu lini mke wa kwetu akatamka jina la mumewe? Na aliyemwonya asubuhi ile asituaibishe kwa kulitamka ni mimi, mwalimu mzima, niliyejua ataulizwa nini. Baba yako nimemzika bila kumwita jina hata mara moja. Nani atathubutu kusema sikuwa mkewe?

Kata rufaa. Jana nilimketisha kitandani kwangu nikamwamuru alitaje jina lako. Mwishowe alilitaja. Kisha akanitazama: "Na wewe, Mama?" Nilishindwa. Basi naliandika.

Mama yako,
mke wa Mosabbir