Fundo la Nne kwenye Kamba ya Sifa

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu Ngalula,

Jambo sana, Mama. Na wewe unayemsomea, Sifa binti yangu, jambo. Nakuona umekaa kwenye kigoda kando ya mbabula la makaa, na Nkambo wako, bibi yako, amefumba macho kama anavyofanya akitaka kusikia vizuri. Soma polepole. Usiruke mstari hata ukikuta panapokutaja, maana karibu barua yote inakutaja wewe.

Mama, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa Mama Georgette akija huko na biashara zake ilifika, au aliimaliza yeye kwenye basi, pale Zambia barabara inapokuwa na mashimo? Mvua imeanza Lubumbashi? Umeshapanda mahindi nyuma ya nyumba, au bado unagombana na mbuzi wa jirani? Mimi ni mzima. Kikohozi cha majira ya baridi kimeniacha, na mti wa jakaranda ulio mbele ya geti letu umeanza kumwaga maua yake ya zambarau. Mwenye nyumba ananifanya niyafagie kila asubuhi, kana kwamba mimi ndiye niliyeyaangusha.

Mama Georgette aliniletea mfuko wako Alhamisi, pale kazini Doornfontein. Nilitoa karanga, nikatoa samaki wakavu (karakana nzima ilinuka kwetu, Mama, nikafurahi), kisha nikatoa gauni la kijani. Nilipoliona nilidhani umenitumia la kuiga mtindo. Nikageuza pindo, nikaona mshono wangu mwenyewe. Ni lile gauni nililomshonea Sifa kwa Noeli iliyopita.

Mama Georgette hakunihurumia. Aliniambia yote, akiwa amesimama na mizigo yake kichwani: "Mama yako anasema ile robe inamuenea Aline wa jirani. Sifa haikumuingia ata mabega. Mutoto hakulia. Alikunja tu, akasema, 'Mama hajue urefu yangu.'"

Nilikaa juu ya furushi la vitambaa nikalia. Hamisi, yule Mrundi mwenye karakana, alizima mashine yake akauliza, "Eish, Faida, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, endelea kushona.

Sasa niungame, Mama, maana sikukuambia. Mwaka jana ulinitumia kamba kama kila mwaka, yenye mafundo matatu: la kwanza upana wa mabega, la pili kiuno, la tatu magoti. Kamba ilifika salama. Lakini huku mwisho wa mwaka ndio msimu wa sare za shule, tunashona kama watu wanaofukuzwa, na siku moja kamba ya kufungia mizigo ilipokwisha, mtu alichukua ile iliyokuwa mezani kwangu akafungia suruali. Ziliondoka na kamba ya mwanangu. Nilipotafuta sikuiona, nikaona haya kukuomba nyingine. Nikajidanganya kwamba naweza kukisia. Nikakata kwa kipimo cha watoto wa umri wake tunaowashonea hapa. Nimewavisha watoto wa nusu ya jimbo hili la Gauteng, Mama, na wa kwangu nilimkisia.

Sifa, mwanangu, nisamehe. Ulisema kweli.

Na ile kamba mpya nyekundu uliyoweka chini ya mfuko, Mama, niliinyoosha juu ya meza. Nilishangaa hadi nikaipima mara tatu. Mtoto amefuata urefu wa baba yake marehemu. Nilipoondoka alikuwa ananishika goti.

Pamoja na kamba, Mama Georgette alinipa swali lako, neno kwa neno: "Ku simu unasema tu, tuko bien, tuko bien. Niandikie. Muzuri ya kule weka mukono huu, mubaya mukono ingine, nipime mwenyewe. Halafu nitajua kama ninamuachilia mutoto akuje kule." Basi nimekaa na kalamu tangu tutoke kanisani. Nitaanza na mabaya, kama wewe unaponunua kikapu cha nyanya, unaingiza mkono chini kwanza.

Joburg inakula muda wa mtu. Hilo umeshaliona kwenye gauni. Naondoka hapa La Rochelle asubuhi, narudi nimechoka, na katikati sijui jua limepita wapi. Kama Sifa atakuja, ataniona asubuhi na jioni, wala sitamfichia hilo. Umeme unakatika, maji nayo, na siku yanapokatika yote mawili mwenye nyumba anatuangalia sisi wapangaji kama vile tumeyameza. Na baridi! Mwezi wa saba unavaa sweta mbili na bado mkasi unakuuma vidole kwa ubaridi wake. Sifa ambaye hata kiatu hapendi kuvaa, hapo atalia.

Kuna ubaya mkubwa kuliko huo, na ndio ninaouzungukia kwenye simu. Wapo watu hapa wasiotutaka. Unamkumbuka Chantal wa kwetu Kamalondo, msusi, tunayeishi naye ua mmoja? Saluni yake iko Malvern, kwenye Jules Street. Mwezi uliopita kundi la watu lilipita likiimba na kugonga milango, wageni wafunge maduka warudi kwao. Chantal alishusha mlango wa chuma akiwa na mteja ndani, mama wa Kizulu aliyekuwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa. Walikaa humo gizani hadi kelele zikaisha. Kisha yule mama alifunga kitambaa, akatoka hivyo hivyo na nusu kichwa, akaenda zake.

Chantal alirudi nyumbani, akasema hapa tena basi. Akataka kuhamia jimbo la Cape, kwa binamu yake, anasema kule kuna bahari na watu hawana haraka. Nikamwambia bahari tutaiangalia Jumapili, Jumatatu tutafanya nini? Kule hatuna kanisa letu, hatuna anayetujua, na nikisema "jambo" barabarani nani ataitikia? Hapa nikitembea toka kwangu hadi Rosettenville naitikiwa na Mkongo, Mrundi na Mtanzania kabla sijafika kwenye roboti, zile taa za barabarani.

Asubuhi iliyofuata Chantal alikwenda kuchukua vitu vyake. Alimkuta yule mama wa Kizulu amekaa kwenye ngazi ya saluni na kitambaa chake kichwani, amewahi mapema. Akamwambia, "Umechelewa. Nina harusi Jumamosi, nimalizie." Chantal akamalizia. Bado yuko Malvern mpaka leo. Sijui habari hiyo niiweke mkono gani, Mama. Nimeiandika kama ilivyokuwa, uipime wewe.

Ubaya wa mwisho ndio unaoniogopesha kuliko yote, nao ni lugha. Chantal ana binti, Grace, aliyezaliwa hapa. Akiitwa kwa Kiswahili anaelewa kila kitu, anajibu kwa Kiingereza. Akikasirika, ni Kizulu. Nkambo wake akipiga simu toka Lubumbashi, Grace anamwambia maneno mawili ya Kiingereza, anampa mama yake simu na kurudi kucheza. Chantal husema, "Batoto ba hapa, Faida, unabazaa ukiwa nabo, kisha banaenda mbali ukiwa ungali nabo." Nimeona uso wa Chantal siku hizo, na nimefikiria uso wako.

Sasa mkono wa pili.

Mikono yangu ina kazi. Tangu Hamisi anipe meza ya kukatia sijakaa hata wiki moja nikiangalia ukuta, na watu wananiita fundi, wanaume pia. Kanisani tunaimba Kiswahili hadi majirani wanatoka kusikiliza. Bukari ya unga wa mahindi wanayo, wanaiita papu, ni nyeupe sawa na yetu ingawa wanaipika teketeke kama ya mgonjwa. Sombe ya majani ya muhogo napata kwa mama mmoja Rosettenville. Zahanati iko dakika kumi kwa miguu, na kikohozi changu walikisikiliza vizuri. Na mwenye nyumba wangu, yule wa maua, ambaye tunagombana kila wiki juu ya maji ya kufulia, nilipougua alinigongea mlango mara mbili kwa siku na bakuli la supu, akinigombeza kwamba simalizi.

Halafu kuna shule. Mama, Ijumaa niliomba ruhusa kwa Hamisi nikaenda kwenye shule ya msingi iliyo mtaa wa pili toka kwangu. Nilivaa gauni langu la kanisani. Karani wa pale, mwanamke mwenye miwani mnyororoni, alisoma karatasi zangu toka juu hadi chini, nikawa najiandaa kufukuzwa. Jina la Sifa limo humo tangu siku ya kwanza nilipofika, niliambiwa niwaandikishe wote ninaowalea nikaandika moja. Akaniuliza mtoto anasoma lugha gani. Nikasema Kifaransa na Kiswahili. Akasema wengi huanza hivyo, kufikia Pasaka wanamsahihisha mwalimu. Kisha akasema nafasi ipo, ataishika mpaka shule zifungwe kwa Noeli. Baada ya hapo atampa mwingine.

Nilitoka nikasimama getini ilipokuwa mapumziko. Watoto wamejaa uwanjani, na nusu ya sketi zile nilizikata mimi, nilizitambua kwa marinda. Nikatafuta kwa macho mtoto mwenye urefu wa kamba ile nyekundu. Nilimpata mmoja karibu na bomba. Nikamwangalia hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Basi hiyo ndiyo mizani yangu. Ukiniuliza mimi, nakwambia bila kuzunguka: namtaka mwanangu. Hapa pana ubaya, lakini ni ubaya ambao nimeuzoea na najua milango yake. Ninaamini Sifa atasimama hapa. Nina matumaini makubwa, Mama, hata kufagia maua ya mtu siku hizi nafagia nikiimba.

Lakini tangu usiku wa Alhamisi hadi leo kuna jambo moja linanirudia, nalo hukulisema kwa Mama Georgette kwa sababu wewe si mtu wa kusema. Sifa akija huku, barua zangu nani atakusomea?

Nimelifikiria sana, na hili ndilo nililopata. Gauni la kijani linarudi kwako na Mama Georgette. Mpe Aline, ni lake, kwa sababu kumbe nilimshonea yeye bila kujua. Naye alipe kwa macho yake: awe anakuja kwako kila barua inapofika. Sifa, una wiki hizi zilizobaki kumfundisha mwandiko wangu, hasa ile "r" yangu unayoicheka. Na ukija huku, kila Jumapili kama leo utakaa kwenye meza hii umwandikie Nkambo wako kwa Kiswahili, kwa mkono wako, kabla hujala. Ndani ya chumba changu Kiingereza kitavuliwa mlangoni pamoja na viatu. Simu yake ukiipokea, hutampa mtu mwingine mpaka yeye mwenyewe achoke. Hilo naapa mbele yenu nyote wawili.

Mama, ukikataa, sitakasirika. Umemlea mtoto huyu kuliko nilivyomlea mimi, na neno lako ndilo la mwisho. Mama Georgette anarudi huku baada ya wiki mbili. Usinipigie simu kuniambia. Kwenye simu tutadanganyana tena. Nitumie kamba. Ukifunga mafundo matatu, nitashona gauni la Noeli, safari hii la kumwenea kweli, nalo litakuja kwenu. Ukifunga la nne, nitajua nakata sare ya shule, nami nitakuja mwenyewe hadi mpakani kumpokea.

Msalimie kaka yangu Dieudo na mke wake, mwulize redio aliyoahidi kuitengeneza imefikisha miaka mingapi. Msalimie mama mchungaji aliyenifundisha kuimba sauti ya pili. Msalimie dada yangu mdogo Mireille akitoka Likasi, na Aline msomaji wetu, na mama yake. Hata yule mbuzi.

Mimi mwanao mpendwa, fundi wako,
Faida

Sifa, umefika mwisho na hukuruka kitu, asante mwanangu. Sasa iweke barua chini. Nenda kasimame mlangoni, visigino vikigusa mbao, usijinyanyue kwa vidole. Mpe Nkambo wako kamba, kisha nyamaza, mwache ahesabu mafundo mwenyewe.