Mama Anataka Korido

Gitega, Jumanne. Mvua imeanza kabla ya alfajiri, imekatika saa nne, imeniachia ua mzima matope na kichwa kinachogonga. Mtu akiniuliza tena leo habari za nyumba, nitamrushia mkasi.

Niseme kwanza kilichopo, maana nikianza na hasira sitaeleweka.

Wazazi wangu wako kwangu tangu ukuta wa nyumba yao ya Muyinga ulipoanguka kwa mvua. Ilikuwa nyumba ya rukarakara, matofali mabichi ya udongo, na ilikuwa imeshachoka zamani. Baba naye alikuwa ameshaanza kuvimba miguu. Daktari anasema ni moyo. Basi nikawaleta hapa Gitega, karibu na hospitali. Baba amepewa kiti changu kizuri pale barazani, na Mama amejichukulia nusu ya jiko na mamlaka yote.

Mimi na kaka yangu Ramadhani tukaamua kujenga upya, parseli ileile, yaani kiwanja kilekile, mtaa wetu uleule wa Waislamu. Ramadhani yuko Muyinga, anauza vipuri vya baiskeli sokoni. Yeye kazi yake ilikuwa matofali ya kuchoma. Ameyatoa Mwakiro, yamekwisha kupangwa pale kiwanjani. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta fundi. Nikampata Deo, mtu wa Gishubi, mwenye mkono safi. Amemjengea jirani yangu nyumba ambayo kila nikipita napunguza mwendo niitazame. Kazi ya Mama ilikuwa moja tu, kufurahi.

Mama hakuifanya.

Deo anasafiri kesho. Keshokutwa wanachimba msingi, na msingi ukishachimbwa hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo leo asubuhi, mvua ilipokatika, amekuja kuchora kwa mara ya mwisho. Anachora kwa fimbo, chini, uani. Amechora nyumba kama ya jirani yangu. Unaingia mlango wa mbele, uko kwenye salon, yaani sebule. Salon kubwa, katikati. Vyumba vyote vitatu milango yake inafungukia salon. Mlango wa nyuma nao unatokea salon, unakwenda uani kwenye jiko na choo. Nzuri, ina mwanga, haina kona za giza. Mimi nimeipenda.

Mama akasimama na mwiko mkononi, akatazama, akasema, "Mi nataka nyumba ya Kiswahili."

Hapo ndipo siku yangu ilipoharibika.

Deo akasema, kwa adabu yake yote, "Mais lakini Mama, nyumba ya Kiswahili si ile ya wapangaji? Ile iko na milango mingi, kila mtu na chumba chake? We unataka kupangisha?" Kwa sababu hapa Gitega ndivyo wanavyoiita. Ukisema nyumba ya Kiswahili, mtu anaona msururu wa vyumba, beseni nje ya kila mlango na ugomvi wa umeme. Mama akasema hapana, si ya wapangaji, ya Kiswahili, yenye korido. Unaingia mlango wa mbele, unakuta korido imenyooka mpaka uani, vyumba huku na huku. Deo akasema aah, hiyo sisi tunaiita nyumba ya zamani.

Ya zamani. Mbele ya mama yangu.

Nikampigia Ramadhani nikamweka kwenye spika, nikidhani ataleta amani. Ramadhani akasema ile ya korido Muyinga wanaiita nyumba ya Ujiji, maana waliokuja nayo ni watu waliorudi kutoka Kigoma, kama sisi. Wazazi walikaa huko miaka mingi, mimi nimekulia huko, na huko hatukuwahi kuipa jina. Ilikuwa nyumba tu. Halafu Ramadhani akaongeza kwamba ile aliyochora Deo, ya salon, Muyinga sasa inaitwa nyumba ya Gitega. Tangu wizara zihamie huku, kila chenye dirisha kubwa kule kinaitwa cha Gitega. Deo akacheka, akasema mbona hapa Gitega tunaiita ya Bujumbura. Na Bujumbura, sijui, labda wanaiita ya Kizungu, na Wazungu nao watakuwa na wa kumsingizia.

Saa nzima imeenda hivyo. Watu wazima tumesimama kwenye matope, mmoja yuko ndani ya simu, tunabishana nyumba inaitwaje, na chai inapoa. Ramadhani anasema, "We sikia, watu wa huku wakiona korido watasema tumeishiwa." Deo anasema korido inakula nafasi bure, unaezeka mabati juu ya njia ya kupita tu, donc basi ni hasara. Mimi nikasema, na nilisema kwa sauti, kwamba sisi tunataka Mama akae kama watu, si kama mpangaji.

Mama akasema, "Jengeni tu."

Wenye mama wanajua. Mama akisema jengeni tu, maana yake ni kwamba mkithubutu mtaniona. Akaingia jikoni, na tangu hapo hajasema na mtu. Ameosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Isombe ya mchana, majani ya muhogo, ameipika bila chumvi, na siamini kwamba alisahau.

Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anayenijibu: nilimkasirikia. Nilikaa kwenye cherehani nikashona shati la mteja huku moyoni namsema mama yangu mzazi. Nikasema huyu ametuzoea. Mtu anajengewa nyumba ya matofali ya kuchoma, yeye anataka ile ya ujana wake aliyoiacha Kigoma. Nikasema ni ukaidi wa uzee. Mshono ukaenda upande, nimelazimika kuufumua wote. Shati la harusi, tena.

Nilimuuliza mara mbili, Mama, korido unaitakia nini? Mara ya kwanza akasema inapitisha hewa. Mara ya pili akasema kila nyumba ina korido. Hakuna jibu linalokera kama hilo. Si kila nyumba ina korido, ndiyo maana tunagombana.

Baba muda wote yuko pale barazani, miguu juu ya kigoda, anasikia kila kitu. Macho ameyafumba. Nikadhani amelala.

Baada ya alasiri nimempelekea maji ya vuguvugu, nimemsuuza miguu na kumsugua kama kila siku. Imevimba zaidi. Nikibonyeza kidole, shimo linabaki. Ameitazama na yeye, halafu akaniambia nimshike mkono, tushuke uani. Nikamwambia Baba, kuna matope. Akasema matope anayajua.

Amesimama juu ya mchoro wa Deo, ambao ulikuwa bado unaonekana vizuri. Amechukua mkongojo wake, akauweka kwenye mlango wa mbele, akauburuza polepole, akakata salon katikati, mpaka mlango wa nyuma. Mstari mmoja. Kisha akaonyesha chumba cha mbele kabisa.

"Hapa watakaa wanaume," akasema. Akaonyesha cha nyuma. "Hapa atakuwa mama yako. Pazia hapa. Yeye atapita huku nyuma anaenda uani, hakuna anayemwona."

Nikauliza wanaume gani.

Akaniangalia kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kuhesabu. "Wanaokuja kunizika," akasema. "Na watakaokuja baadaye kutoa pole."

Eda.

Miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa nyumbani kwa mumewe, hatoki, haonekani na wanaume wa kando. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa katika jambo hili, nimeshona nguo za eda kwa mikono yangu. Na nimesimama kwenye matope saa nzima nasifia salon.

Baba akanikumbusha shangazi yangu, dada yake, aliyefiwa hapahapa Gitega. Alikaa eda kwenye nyumba nzuri sana, ya salon katikati. Wageni wanaume walikuwa wanakuja kutwa, shemeji, majirani, watu wa msikitini, wanakaa palepale salon, wanasoma, wanakunywa chai, wanakaa tena. Chumba chake kinafungukia hapohapo. Kwenda chooni lazima akatize mbele yao. Basi hakwenda. Alikuwa anasubiri waondoke, na wasipoondoka anatumia ndoo. Na aliyekuwa akiitoa ile ndoo, ameifunika kwa kanga, anapita nayo katikati ya wanaume kama amebeba nguo chafu, ni mama yangu.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ile ndoo ameibeba Mama, na hakuwahi kutusimulia. Baba mwenyewe alijua kwa sababu siku moja alikuwa mmoja wa wale wanaume waliokaa.

Nikamuuliza Baba, kwa nini asituambie? Nilikuwa bado na hasira, niseme kweli, ila sikujua tena ni ya nani. Kwa nini atuambie hewa, atuambie kila nyumba, wakati neno moja lingetosha?

Akasema, "Atasemaje? Aseme, wanangu, nijengeeni korido, baba yenu anakufa? Itakuwa kama ananichimbia kaburi na mi nimekaa hapa nakunywa chai yake." Akapumua kidogo, maana kusimama kunamchosha. "Yeye hawezi. Mi naweza. Kifo ni changu, nakitaja ninavyotaka."

Kisha akasema nimrudishe kwenye kiti, miguu inamuuma.

Nimemrudisha. Nimemfuta matope miguuni. Aliuliza kama ile isombe imebaki, na kama kuna chumvi ndani ya nyumba hii.

Nikampigia Ramadhani, safari hii bila spika, nimesimama nyuma ya choo ili nisisikike. Nilimwambia yote kwa mkupuo. Kaka yangu huyu ni mtu wa maneno, anaweza kukuuzia baiskeli isiyo na magurudumu. Leo aliuliza tu, "Upana gani?"

Sikujua. Nikasema pana. Akasema, "Iwe pana. Sisi wanaume tukija tukae huko mbele, na mi mwenyewe nitasimama mlangoni." Akakohoa, akakata.

Deo naye nilimpigia. Hakubishana. Aliuliza tu milango ya mbele na ya nyuma ielekeane au la, nikasema ielekeane. Akasema ego, ndiyo, basi hiyo kwao Gishubi wangeiita nyumba ya... Nikamwambia Deo, tafadhali, nakuomba sana, usiniambie inaitwaje.

Jioni Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa pembeni yake, nikaanza kuchambua na mimi. Nikasema, kama jambo dogo, kwamba korido ipo, fundi amekubali.

Mikono yake ilisimama. "Nani amewabadilisha?"

Barazani kiti kikatoa mlio. Nilijua Baba anasikiliza. Nilijua pia kwamba nikisema kweli, itabidi Mama aketi hapa kila siku akijua kwamba mumewe anajua alichokuwa anajiandalia. Wamekaa pamoja umri wote bila kulisema neno hilo. Mimi nani wa kulileta kwenye ungo wa maharage?

"Deo," nikasema. "Amesema inapitisha hewa."

Mama akaendelea kuchambua. "Si nilisema," akasema. "Huyo fundi iko na akili." Akatupa kijiwe nje ya ungo, akaongeza, "Pande ya nyuma aniwekee dirisha. Dogo. La juu."

Nikasema nitamwambia.

Amepika upya. Chumvi ilikuwepo, ya kutosha watu na jirani zao. Baba amekula vizuri kuliko wiki nzima, na Mama amemkemea kwa kumaliza mchuzi, na yeye akasema mchuzi ukiwa mtamu kosa ni la mpishi. Nimewasikiliza hawa wawili nikaona nichukue sahani zangu nikaoshe.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi niliuliza, tena mara mbili, na sikuambiwa. Sasa sijui hasira yangu niiweke wapi. Bado ninayo. Nimemkasirikia Ramadhani na watu wake watakaosema tumeishiwa, nimewakasirikia wanaume wanaokaa salon kutwa bila kujiuliza mwenye nyumba anapita wapi, nimekasirikia hata miguu ya Baba.

Alfajiri Deo atapitia hapa kuchukua kamba ya kupimia kabla hajapanda basi. Nitamwonyesha ule mstari wa mkongojo kama mvua haitakuwa imeufuta. Ikiwa imeufuta, nitauchora mimi, nimeshaujua.

Ee Mola, korido hiyo ijengwe upesi, na kazi yake ichelewe sana.