Milimita Ishirini na Tano

Jumamosi, 12 Julai. Upepo tangu alfajiri.

Ni ule upepo wa Julai unaopita kwenye suruali kana kwamba hukuvaa kitu. Nimeshika spana tangu saa mbili asubuhi na vidole vimekuwa vikitetemeka, nami nimekuwa nikijiambia ni baridi ya Ufipa.

Si baridi.

Wiki mbili sijaandika hapa. Wanaonisoma wanajua mimi si mtu wa kukaa kimya, malalamiko siku zote ninayo. Safari hii nimenyamaza kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu, hata mke wangu, na nilijua nikifungua ukurasa huu litatoka lenyewe.

Naogopa gari langu.

Kwa anayefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa mashine za kusaga. Nilianza na baiskeli, nikileta mahindi mjini kutoka Mwimbi, magunia mawili kwa safari moja, miaka minne. Leo nina mashine tatu, na injini zake zote nazifungua na kuzifunga mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha. Gari nililipata Namanyere nyuma ya ghala, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, nyekundu iliyofifia mpaka ikawa rangi ya tofali. Kuku walikuwa wanataga ndani. Injini yake ilikuwa imekufa zamani. Tangu nikiwa kijana kwenye baiskeli, gari la namna hiyo likinipita na kuniachia vumbi, nilikuwa nasema moyoni: ipo siku.

Injini mpya alifunga Fundi Zeno. Niliandika hapa aliyonifanyia, makosa kumi na moja, nikayapa namba. Alitia injini ya basi dogo, nzito kuliko ya asili kwa kilo kama sitini. Akaikalisha sentimita tatu nje ya katikati. Mipira ya kubebea injini aliikata kwenye tairi kuukuu la lori. Bolti za kushikia giaboksi, mahali pa sita aliweka nne. Rejeta aliifunga kwa waya. Yote hayo ni kweli na sifuti hata moja. Nikalirudisha gari nyumbani na kuanza kusafisha uchafu wake, kitu kimoja kimoja, jioni baada ya kufunga mashine. Miezi mitano.

Halafu Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nikampakia mama, tumteremkie mama mdogo aliyeko Muze, kule bondeni kwenye mpunga.

Mama alikuja kwangu baada ya mavuno. Ana miaka sabini na tatu, na kwa gari lile amekuwa kama msichana. Alijifunga kilemba kwa kukaza, akashika mpini wa mlango, akasema twende. Mpaka Ntendo tulikwenda vizuri. Breki nilizijaribu mara nne, zikashika.

Lakini Ufipa ni meza, tambarare iliyoinuliwa juu. Sisi huku juu tunajaribu gari kwa kwenda Kasense na kurudi, likirudi tunasema limepona. Meza haikuonyeshi kitu. Ubaya wa gari unauona pale meza inapokatika na barabara kuanza kujikunja kuelekea ziwani.

Nilishuka kwa gia ya pili, kama inavyotakiwa. Kona nane nilizihesabu. Ya tisa nilikanyaga breki na pedali ikaenda mpaka chini.

Haikugoma. Haikulia. Ilizama tu, laini, kama kukanyaga unga.

Nilikuwa kwenye kilomita thelathini na nane kwa saa. Nikapampu. Arobaini na sita. Nikapampu tena. Hamsini na mbili. Nakumbuka namba zote kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika. Kushoto ukuta wa udongo, kulia hakuna kitu, vilele vya miti tu, kwa chini. Upande wa kushoto ndiko alikokaa mama.

Niliingiza gia ya kwanza kwa nguvu, injini ikapiga yowe, nikavuta handbreki, nikaliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo. Upande wa mama. Sikuwa na upande mwingine. Likakwaruza, likakwaruza, likasimama.

Mama alikuwa anacheka.

“Polepole basi, baba! Mimi si gunia la mahindi!”

Alidhani nafanya mchezo. Alidhani mwanawe, na mvi zake hizi, anamwonyesha gari linavyokimbia. Nami sikumsahihisha. Nikamwambia tupumzike kidogo tutazame ziwa. Tukalitazama Ziwa Rukwa kwa dakika arobaini, yeye akila karanga, mimi nikihesabu kona zilizobaki chini yetu. Nilipokanyaga tena, pedali ilikuwa imerudi, ngumu, kama hakuna kilichotokea.

Hilo la kurudi ndilo limenitesa. Kitu kilichovunjika kinabaki kimevunjika. Watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga tu wanacheka na kuuliza tumemroga nani, nami siku zote huwajibu kwa hasira. Lakini wiki hii, nimeinama kwenye boneti ile, zaidi ya mara moja nimejikuta nafikiria nani hanitakii mema. Nimeona aibu hata kuandika.

Tulimaliza mteremko kwa gia ya kwanza, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kurudi ilikuwa kupanda, na kupanda hakuhitaji breki.

Tangu siku hiyo mama amewasimulia jumuiya nzima jinsi nilivyomkimbiza. Na juzi akasema mama mdogo anaumwa miguu, Jumapili baada ya misa turudi Muze. Kwa gari lile lile. Kilemba ameshakifua.

Kwa hiyo leo nilikuwa na siku moja.

Nilinyanyua gari kwa jeki, nikaanza kwenye gurudumu na kurudi nyuma. Saa tano na nusu nikaliona tatizo. Paipu ya breki, ile nyembamba ya chuma, pale inapopita kando ya bomba la ekzosi, ina alama inayong'aa. Ukubwa wa punje ya mahindi. Ekzosi imekuwa ikiigusa. Ekzosi ya moto ikigusa paipu, mafuta ya breki yaliyomo yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu, hausukumi chochote. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta, na pedali inarudi.

Basi hapakuwa na mkono wa mtu. Palikuwa na mkono wa fundi.

Nitasema ukweli wa nilivyojisikia: nilifurahi. Nilimpigia Zeno simu nikamwambia aje aone kosa lake la kumi na mbili, lile lililotaka kuua. Sikumwambia kuua nani. Nilitaka aone kwa macho yake, kisha niandike hapa, na picha juu.

Alikuja saa tisa na pikipiki, koti limefungwa mpaka kidevuni. Mama alikuwa uani kwenye jamvi, anapepeta ulezi, anapata jua lililobaki. Zeno akachuchumaa mbele yake, akapiga makofi taratibu kama anavyosalimiwa mkubwa huku kwetu, akasema shikamoo mama, na mama akaitikia kwa furaha kama ndiye mwanawe. Hilo nalo lilinikera.

Aliinama kwenye boneti muda mfupi sana.

“Bosi, hii paipu siyo yangu.”

Nikamwambia asinitanie.

“Yangu ilipita kule,” akanyoosha kidole upande wa pili, mbali kabisa na ekzosi. “Ndefu, mbaya, nimeifunga na waya. Wewe mwenyewe uliiweka kwenye blogu. Mke wangu alinisomea. Akanisomea mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini kwamba ni mimi.”

Nilifungua simu mbele yake nikiwa bado na hasira. Makala ipo. Ni ya mwezi wa tatu. Picha mbili. Ya kushoto, paipu ya Zeno, imezunguka kama utumbo wa mbuzi. Ya kulia, paipu yangu, fupi, imenyooka, inang'aa. Chini yake nimeandika: *Tazameni tofauti ya kazi na uchafu. Nimeacha nafasi ya milimita 25 kutoka kwenye ekzosi, nimepima mara tatu.*

Na kweli nilipima mara tatu.

“Ulipima injini imezimwa,” Zeno akasema. Hakuwa anauliza.

Akaingia ndani ya gari, akaliwasha, akakanyaga breki, akaingiza gia ya nyuma na kuachia klachi kidogo kidogo. Akaniambia nitazame. Kwenye gia ya nyuma, alisema, injini inajipinda upande ule ule inaojipinda ukishuka mlima bila kukanyaga mafuta. Nikatazama. Injini ile nzito ilijiinua juu ya mipira yake ya tairi la lori, ikaegemea upande, taratibu, kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti. Ekzosi ikaisogelea paipu yangu. Kumi na tano. Nane. Ikalala juu yake.

Milimita ishirini na tano zikawa sifuri mbele ya macho yangu, gari limesimama uani kwangu.

Injini zote nilizozijua maishani zimefungwa kwenye zege. Injini ya mashine ya kusaga inatetemeka lakini haiendi popote. Ukipima leo, kipimo ni hicho mpaka wajukuu. Nilipima gari kama ninavyopima mashine. Haikunijia hata kidogo kwamba injini inaweza kulala.

“Bosi, kwenye unga nakuvulia kofia,” Zeno akasema akishuka. “Kwenye unga.”

Nikasema mipira ya tairi ni yake, ingekuwa migumu injini isingelala kiasi kile. Akakubali mara moja. Akasema ndiyo, ya kwake hiyo, na tangu niandike watu wawili wamekuja kuchukua magari yao gereji kwake kabla hajayamaliza. Alisema hivyo huku akifuta mikono, hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Ndipo mama akaacha kupepeta.

“Zeno, hiyo paipu ikilaliwa, inakuwaje?”

Zeno akanitazama. Nadhani wakati ule ndipo alipoelewa. Akamjibu polepole: “Gari linakosa breki, mama. Kwenye mteremko.”

Mama akaweka ungo chini. Hakunitazama usoni, alitazama mlango wa kushoto, pale ulipokwaruzwa na ukuta wa udongo.

“Kumbe siku ile hukuwa unacheza.”

  Nikaanza kuupangusa mlango ule kwa kitambaa, kana kwamba mkwaruzo ungetoka.

“Na mimi nikacheka,” akasema. Kisha akauchukua ungo, akaendelea kupepeta, na mikono yake nayo ilikuwa inatetemeka. Nikatamani iwe baridi.

Zeno na mimi tumefanya kazi mpaka jua linataka kuzama. Tumerudisha paipu upande wake wa zamani, ndefu na mbaya, lakini safari hii imeshikwa na vibano vitano badala ya waya. Mipira ya tairi tumeitoa. Tumefunga ya kweli, ambayo nilikuwa nayo stoo tangu mwezi wa nne nikisema nitaiweka baadaye, nikimaliza kunyoosha vitu vinavyoonekana. Mafuta ya breki tumemwaga yote, tumetia mapya, tumetoa hewa magurudumu manne. Kwa gia ya nyuma injini sasa inasogea milimita nne. Nimepima ikiwa inaunguruma.

Mama kesho haendi na gari hili. Nimemwambia nitamtafutia usafiri mwingine wa Muze. Amesema hapana, atasubiri mpaka nilijaribu kwanza, mama mdogo hatakufa kwa miguu. Sikuitarajia imani hiyo, na imenitisha kuliko mteremko.

Nilidhani nitakwenda kujaribu peke yangu. Lakini Zeno akiwa ameshapanda pikipiki akaniambia nimpitie gereji baada ya misa ya kwanza. Nikamuuliza ya nini. Akasema gari lile lina viti viwili, na kama paipu ni yetu sote, yeye atakaa kiti cha mama.

Nimeirudia ile makala ya mwezi wa tatu. Kidole kilikwenda kwenye kufuta, sitadanganya, kilikaa pale muda. Sijafuta. Juu ya picha nimeandika: *Paipu ya kushoto ni ya Fundi Zeno na haikuwa na kosa. Ya kulia ni yangu. Ilinipotezea breki nikiwa na mama yangu.* Makosa yake kumi na moja yamebaki. La kumi na mbili lina jina langu.

Kesho ni kona ya tisa, mara tatu kushuka na mara tatu kupanda. Je, nikifika pale nitakanyaga kwa ujasiri, au nitaanza kukanyaga tangu kona ya kwanza?

Tangu nianze kuandika, mguu wangu wa kulia umekuwa ukikandamiza sakafu chini ya meza. Nauondoa, baada ya mistari miwili naukuta umerudi.

Sakafu haizami. Hii ni ya zege.