Malkia wa Kwetu Amebadilisha Sharia

Kaka Nassor,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari hii ukiipokea umesimama utaanguka. Mama ameifuta ile sharia. Ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, na mimi tangu wiki iliyopita nacheka peke yangu kazini mpaka wenzangu wananiuliza nimeposwa na nani.

Mwaka mzima tangu tukuzike sijakuandikia kitu. Nilikuwa na hasira na wewe. Mtu wa miaka thelathini na moja, moyo unasimama tu, bila hata kuaga? Basi leo nimekusamehe.

Daftari letu la dunia Mama alilikuta chini ya kanzu zako, alipokuwa akizikunja azitoe sadaka. Akasoma yote: Uvumba, Dakika, Kwetu, nchi zote tulizozibuni utotoni hapa mtaani Darsait, siku za joto tulipokatazwa kutoka nje. Mimi nilikuwa mtu wa milima na mito. Bunge ulikuwa wewe. Uliandika kwamba huko Dakika wanaume wawili wanaopendana huruhusiwa kushikana mikono darajani, lakini sokoni marufuku. Huko Uvumba, wanaume kama hao hufunga ndoa kwa ngoma, na kadhi huondoka na sinia la halwa. Nilipoisoma hiyo ya Uvumba ndipo nilipokujua, nawe ukajua kuwa nimekujua. Hatukusema neno. Nilichukua penseli nikachora barabara pana ya kwenda Uvumba.

Kwetu ilikuwa nchi ya Mama. Aliiomba mwenyewe, anasukuma chapati, akasema na yeye anataka kuwa malkia. Ukamuuliza sharia yake ya ndoa. "Kwetu mume huoa, mke huolewa. Asotaka ahame!" Ukaiandika neno kwa neno, na chapati hukula. Tangu hapo kila mwaka ukawa unamuuliza, kwa mzaha, "Malkia, sharia bado ile ile?" Naye akicheka, "Ile ile!" Hakujua kuwa wewe ulikuwa huchezi.

Basi Jumatatu akaniita jikoni, miwani puani, daftari mbele yake. Akasema, "Hii sharia yangu ina makosa ya Kiswahili." Unamjua Mama na Kiswahili chake, huwasahihisha hata watangazaji wa redio. Nikatazama. "Huoa" ameikata. "Huolewa" ameikata. Juu yake ameandika: Kwetu watu huoana. Na ile "Asotaka ahame" ameipiga mistari mpaka karatasi imetoboka.

Halafu akalia, nami nikalia. "Miaka yote hiyo nnamfukuza mwanangu, na huku nnacheka," alisema. Nikamwambia hukuhama hata siku moja, kila jioni ulirudi kula kwake. Akafuta uso kwa ncha ya kanga, akauliza, "Na yule Idrisi nani anampikia?"

Idrisi wako! Yule tuliyemwita miaka yote rafiki yako wa gereji ya Wadi Kabir, aliyesimama nyuma kabisa siku ya maziko yako kama mtu aliyekosea msiba. Ijumaa amekuja. Shati limepigwa pasi mpaka linakata, kucha amezisugua, lakini oili ni oili. Mama akamrundikia nyama mpaka wali haukuonekana. Akamuuliza kama na yeye ulimchosha kwa kukoroma. Idrisi alicheka hadi akapaliwa, kisha akatoa visa vyako vyote, na kile cha mbuzi wa Ruwi ulichoniapia kuwa ni uongo. Nyumba hii haikuwa imecheka hivyo tangu uondoke.

Katikati ya chakula jirani wa juu akaja kuomba ndimu. Akamwona mgeni, akauliza ni nani. Idrisi akaacha kutafuna, mimi nikaishika meza. Mama akampa jirani ndimu mbili, akasema, "Huyu wa kwetu."

Sikudanganyi, kaka, nje ya mlango wetu dunia ni ile ile uliyoiacha. Lakini Ijumaa hii Idrisi anakuja tena, na ijayo pia. Mungu akulaze pema, nawe upumzike sasa. Siku Mama atakapokosa nguvu za kupika, nakuahidi, Idrisi nitampikia mimi.

Dada yako,
Zuhura